Bombay na kasumba zake mbili

Mwaka juzi nilimsindikiza khalati yangu India kwa matibabu, safari ambayo nusu ya familia za Mombasa zishaifanya, manake siku hizi ukisikia fulani kaenda Bombay (ndio Mumbai ya leo) hujiulizi kama kaenda biashara ama kutembea, wajiuliza ni moyo ama ni figo. Vipimo vikachukua siku nyingi kuliko tulivoambiwa, pesa zaisha, hoteli yadai, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine. Khalati akilala mchana mie natoka kuzurura. Siku ya tatu nilikuwa na jamaa mmoja wa Nairobi, nae kamleta babake, tumesimama ng'ambo ya barabara twaitazama ile stesheni kubwa ya treni ambayo hata picha zake hazikutayarishi, na jamaa akatikisa kichwa akasema, "Wazungu walijenga, bwana. Ungewaachia hawa wenyewe sai ungekuta mabati."

Sikumjibu, kwanza joto lilikuwa kali, pili sikuwa na jibu. Nimelipata baadae kwa kutembea na kusoma.

Kiswahili tuna neno kasumba na lina kazi mbili. Ya kwanza ni afyuni yenyewe, ule utomvu unaovutwa. Ya pili ndio tunayoitumia kila siku, kasumba ya kikoloni, yale mawazo uliyolishwa mpaka ukayaona ni yako. Bombay ndio mji pekee ninaoujua ambao maana zote mbili zinagusana ukutani. Jamaa yangu alikuwa na kasumba ya pili kichwani, na mji aliokuwa akiusifu umejengwa sana sana na pesa za kasumba ya kwanza, pesa ambazo wengi walioziweka mezani hawakuwa Wazungu.

Tuanze na ardhi, manake hata ardhi yenyewe pale ni ya kutengenezwa. Palikuwa visiwa saba vya matope na minazi, wavuvi wanaitwa Wakoli, na mpaka leo wapo wakianika samaki karibu na magorofa ya matajiri. Wareno wakavichukua 1534. Alafu 1661 Ureno ikamwoza Catherine wa Braganza kwa Charles II wa Uingereza na Bombay ikaingia kwenye mahari (kwetu mahari hutoka kwa mume, kwao ilitoka kwa bibi harusi, basi mfalme akapata mke na bandari kwa mpigo mmoja). Mfalme mwenyewe hakujua la kufanya na hivo visiwa vyenye homa, na 1668 akawakodisha Kampuni ya Mashariki ya India kwa pauni 10 kwa mwaka. Soma tena, pauni 10. Kisha karne ya 18 na ya 19 zote zikaishia kwenye kujaza bahari, kikapu kwa kikapu, mpaka visiwa vikashikana vikawa rasi moja. Mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa hili sana. Darajani hakuna daraja, kuna soko na daladala, kwa sababu ile pwani iliyokuwa ikipita katikati ya mji ilifukiwa na jina likabaki limening'inia hewani. Bombay imejaa majina ya namna hiyo. Unapanda treni mpaka Churchgate unatafuta lango la kanisa, hakuna lango. Unaambiwa shuka Fort, hakuna ngome.

Ngome ilikuwepo lakini, na kuta zake nene na mageti matatu, na geti moja ndilo lililokuwa likielekea kanisa la St. Thomas, ndio hilo Churchgate. Kuta zilibomolewa miaka ya 1860 na gavana alieamuru anaitwa Bartle Frere, alikaa pale kuanzia 1862 mpaka 1867. Shikeni hilo jina, mtu wa Mombasa ameshaanza kulisikia kengele kichwani, tutalirudia.

Kwa nini avunje ngome wakati ule? Jibu liko mbali kabisa, liko Marekani. 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza kule, pamba ya kusini ikazibwa baharini, viwanda vya nguo vya Lancashire, Uingereza, vikabaki na mashine zimekaa kimya, na pamba pekee ya kutosha ilikuwa ya magharibi mwa India ambayo lango lake ni Bombay. Bei ikapaa. Inasimuliwa watu walichana magodoro yao wakauza pamba ya ndani. Mji ukafurika fedha kwa miaka minne ya vita, na mji wenye fedha haukai ndani ya kuta, unataka barabara pana, unataka mahakama na chuo kikuu na posta, basi kuta zikaondoka na uwanja ule uliokuwa wazi mbele ya ngome ukawa kiwanja cha kujengea. Upande wetu huku vita hivohivo vilitunyima merikani, ile nguo nyeupe ambayo misafara ya bara ilikuwa ikiitumia kama pesa, na pengo lake taratibu likaja kuzibwa na nguo za Uingereza na za Bombay. Vita moja, na mfuko wa mtu wa Bombay unajaa upande huu wakati muuza nguo wa Unguja anabadilisha bidhaa upande ule.

Sasa njoo chini ya mnara wa Rajabai, kwenye chuo kikuu, ule wenye saa. Urefu wake ni kama mita 85 na ulimalizika 1878. Kwenye vijitabu vya watalii utaambiwa umechorwa na George Gilbert Scott, Muingereza mashuhuri, na ni kweli, ila Scott hakuwahi kukanyaga Bombay hata siku moja, alichora akiwa kwao akatuma. Pesa za mnara na maktaba iliyo chini yake zilitoka kwa dalali wa pamba na hisa anaitwa Premchand Roychand, Mjain (dini ya Kihindi isiyokula nyama) wa asili ya Surat, alietoa laki kadhaa za rupia (laki, neno letu hilohilo, tumelitoa kwao) kwa sharti moja, mnara uitwe jina la mamake. Rajabai ni mamake. Wenyeji wanasema bi mkubwa alikuwa kaishiwa na macho na kwa dini yake hali baada ya jua kuzama, basi mwanawe akamjengea kengele ya kumjulisha wakati. Kama ni kweli ama ni hadithi ya kunogesha sijui na sijali. Kinachonichekesha ni hiki: saa hiyo ya mama wa Kijain ilipokuwa mpya ilitengenezwa iwe inapiga nyimbo, na mojawapo ilikuwa ule wa kumuomba Mungu amlinde malkia wa Uingereza. Umelipa wewe, jina la mamako, na wimbo wa mwenzio.

Huyo Premchand ndie pia alieongoza ule wazimu wa hisa. Pesa za pamba zilikosa pa kwenda zikaingia kwenye kampuni za kufukia bahari ya Back Bay, kampuni ambazo zingine hazikuwa hata na koleo, ni karatasi tu, na madalali wakikutana chini ya mbuyu wa Kihindi, ule mti wenye mizizi ya kuning'inia, karibu na Town Hall. Watu waliuza dhahabu za wake zao kununua hisa. Aprili 1865 jenerali Lee wa majimbo ya kusini akasalimu amri kule Marekani, pamba ya zamani ikarudi sokoni, bei Bombay ikaanguka kama nazi, na kufikia katikati ya mwaka kampuni zilikuwa zikifa moja baada ya nyingine, Benki ya Bombay ikazama nazo kwa sababu ilikuwa imekopesha watu kwa dhamana ya hisazo hizo. Premchand akafilisika, ingawa baadae alisimama tena.

Na aliepoteza pesa hapo ni mtu ambaye wanafunzi wote wa Afrika Mashariki wanamjua, David Livingstone. 1864 alivuka bahari kutoka Unguja na kijimeli chake Lady Nyassa, mwenyewe ndie nahodha, na vijana wa kwetu humo ndani akiwemo Chuma ambaye wakati ule alikuwa bado mtoto. Akamwacha Chuma Bombay kwenye shule ya wamishenari, akauza meli kwa hasara kubwa, akaziweka hizo pesa benki pale Bombay, na benki ikaenda na maji. Kwa hiyo Chuma tunaemsoma shuleni, alieubeba mwili wa Livingstone pamoja na Susi mpaka pwani, alisoma Bombay katikati ya ule wazimu wa pamba. Sijui kwa nini vitabu vyetu vya historia vinairuka hii.

Turudi kwenye kasumba ya kwanza, ile ya kuvuta. Jina utakaloliona kila kona ni Jamsetjee Jejeebhoy, wenyeji wanafupisha J.J., kuna hospitali ya J.J., shule ya sanaa ya J.J., barabara, mtaa. Alikuwa Mparsi, wale Wahindi wa asili ya Uajemi, alizaliwa 1783 katika hali duni, akaanza na chupa tupu, yaani kuokota na kuuza chupa, kisha akaenda China mara kadhaa kijana, na safari moja meli yao ikatekwa na Wafaransa na humo ndani akajuana na daktari wa meli anaitwa William Jardine. Hao wawili walikuja kuwa watu wa afyuni. Afyuni ya Malwa, ya katikati ya India, inashuka Bombay, inapakiwa, inaenda Canton, upande wa pili kampuni ya Jardine, Jardine Matheson, inaipokea, na China ikapigwa vita kwa sababu ilikataa kuendelea kuvutishwa. J.J. akapewa cheo cha Sir, akawa Mhindi wa kwanza kupewa cheo cha ubaroneti 1857, na akatoa pesa kwa maskini kwa kiwango ambacho sidhani tajiri yeyote wa kwetu amefikia.

Na kuna kile kipande cha barabara cha Mahim kinachounganisha kisiwa na Bandra. Serikali ya Kampuni ilikataa kukilipia, watu wakiendelea kuzama kwenye mashua kila masika, mpaka mkewe J.J., Bi Avabai, akatoa zaidi ya laki moja na nusu kutoka mfukoni mwake na 1845 barabara ikafunguliwa, kwa sharti kwamba asitozwe mtu ushuru wa kupita. Serikali haikujenga, bibi alijenga. Mpaka leo kuna Lady Jamshedji Road na daladala zao zinapita hapo zikipiga honi usiku kucha.

Hapa ndipo watu wa mlengo mwingine nao hukosea, wale wanaosema basi mji ni wa Wahindi, wafanyabiashara wazalendo, tuwapambe. Hapana. Zile hospitali zimesimama juu ya mapafu ya watu wa Canton. Mtu anaweza kuwa mkarimu kweli na pesa yake iwe chafu kweli, vyote kwa wakati mmoja, na mimi naona Bombay inafaa kutembelewa kwa sababu hiyo hasa, haikuachii upumzike upande mmoja. Ukoo wa Sassoon, Mayahudi wa Baghdad walioingia Bombay miaka ya 1830, nao walikuja kuwa vigogo wa afyuni na pamba, na walichoacha ni gati ya Sassoon ya 1875 ambako mpaka leo alfajiri wanawake wa Kikoli wanapanga bei ya samaki kwa sauti inayofika barabarani. Nilikwenda saa kumi na moja alfajiri, nikatoka na viatu vimelowa maji ya kamba, na nikaambiwa nisipige picha.

Sasa stesheni. Inaitwa rasmi Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, ila mwambie dereva wa teksi hivo uone, yeye anajua VT tu, yaani Victoria Terminus, jina la zamani. Ilianza kujengwa 1878, mchoraji ni F. W. Stevens, ikachukua miaka kumi, ikapewa jina la Victoria kwa jubilii yake 1887, na ilimeza kama laki 16 za rupia. Msaidizi wake injinia alikuwa Sitaram Khanderao, na zile nakshi zote za mawe zilichongwa na wanafunzi wa shule ya sanaa ya J.J. Yaani ukitazama kwa karibu, na unatakiwa usogee mpaka pua igusane na nguzo, utaona mkono wa mtu anaejua anachokichonga: tausi aliefungua mkia juu ya dirisha, kindi, nyani, majani ya miti ambayo hayaoti Uingereza. Kwenye mihimili ya geti wamekaa wanyama wawili, simba upande mmoja na chui-milia upande mwingine, simba ni Uingereza na chui-milia ni India, na ukiwatazama vizuri chui-milia hana dalili yoyote ya kuwa ameshindwa. Chini ya saa kubwa kuna kibweta cha jiwe, kama mihrabu ndogo, kitupu. Hapo alikuwa amesimama Victoria mwenyewe. Walimtoa baada ya uhuru na hawakumweka mtu. Kimebaki wazi tu, njiwa wanakaa.

Nani alilipa? Reli ya kwanza ilitembea kutoka Bori Bunder, palepale ilipo stesheni, mpaka Thane tarehe 16 Aprili 1853, kilomita 34, injini tatu, mabehewa 14, wageni kama 400 na mizinga 21. Kampuni ya reli ilikuwa ya London na hisa zake zilinunuliwa sana na Waingereza, hapo jamaa yangu atasema si nilikwambia, lakini ngoja. Serikali ya India iliwahakikishia hao wenye hisa faida ya asilimia 5 kwa mwaka, reli ipate isipate. Ikipata, faida yao. Ikikosa, inatoka kwenye kodi ya mkulima wa Kihindi ambaye hajawahi kupanda treni. Mtu akikujengea nyumba kwa mkopo ulioudhamini wewe, unaulipa wewe, riba unapeleka kwake, alafu anaweka sanamu ya bibi yake sebuleni, huyo kakujengea? Na vile vibarua waliokata milima ya Bhor Ghat kuipandisha reli bara, walikufa kwa maelfu, kipindupindu na baruti na kuporomoka, na hakuna hata tausi mmoja wa mawe uliochongwa kwa ajili yao.

Frere sasa. Tulimwacha akivunja kuta. Pale lilipokuwa geti la kanisa likajengwa bomba la maji la kifahari, lile la kurusha maji juu kama pambo, 1864, lilikusudiwa kumuenzi yeye, mwishowe likaitwa Flora, mungu wa maua wa Kirumi yuko juu yake. Miaka michache kabla ya Frere kuwa gavana, Bombay ilikuwa imempokea mgeni wa kulazimishwa kutoka kwetu, Seyyid Barghash, aliejaribu kumpindua nduguye Majid 1859, Waingereza wakamsaidia Majid, na Barghash akahamishiwa Bombay kama miaka miwili. Aliona reli mpya, aliona gati, aliona mji unaochemka. Alipopata usultani 1870 aliirudisha Unguja sura nyingi za mji wa namna hiyo, maji ya bomba, Beit al Ajaib yenye varanda za nguzo za chuma. 1873 Frere, ambaye ugavana wake ulishaisha, akatumwa Unguja kumlazimisha Barghash afunge soko la watumwa. Barghash akakataa, akalia kimbunga cha mwaka uliopita kilichong'oa mikarafuu. Frere akaondoka mikono mitupu, na mwezi Juni, baada ya Kirk, balozi wa Uingereza pale Unguja, kutishia kwamba manowari zitazingira kisiwa, sahihi ikatiwa.

Alafu wale watumwa waliokombolewa, wengi walikuwa wamepelekwa Bombay na kulelewa kwenye misheni mji wa Nasik, kulekule India, wakajifunza useremala, uhunzi, Kihindustani na Kiingereza. Kuanzia 1874 waliletwa Mombasa, wakaitwa Wabombay, Wazungu wakawaita Waafrika wa Bombay, na kijiji walichojengewa ng'ambo ya kisiwa kikaitwa Frere Town. Kengele yao ipo mpaka leo, ilikuwa ikigongwa kuwatahadharisha watu maharamia wa watumwa wakija, na ndio maana kituo cha matatu kinaitwa Kengeleni. Nimekulia njia ya Kisauni, nimepita hapo maisha yangu yote, makanga wanapiga kelele "Freretown! Freretown!" na sikuwahi hata siku moja kuuliza Frere ni nani. Nimekuja kumjua Bombay, mbele ya bomba la maji ambalo halina jina lake.

Lakini tusimpambe Frere wala tusiwapambe wafanyabiashara wa Bombay waliokuwa Unguja. Forodha ya Unguja ilikodishwa miaka na miaka kwa kampuni ya Jairam Shivji, Mbhatia (ukoo wa wafanyabiashara wa Kibaniani) wa Kutch, Gujarat, baadae ikashikwa na Tharia Topan, na mikopo yao ndio iliyokuwa ikifadhili misafara ya pembe za ndovu kuingia bara. Pembe zinashuka Bagamoyo, zinavushwa Unguja, nyingi zinapitia Bombay kabla ya kufika London. Ile zahanati nzuri ya Tharia Topan kule Malindi yenye varanda za mbao zilizotobolewa kama lasi, ukisimama mbele yake na ukasimama mbele ya nyumba za zamani za Bombay, utajua ni ndugu. Tharia mwenyewe alifia Bombay 1891. Kwa hiyo wakati nahesabu jasho lililomo kwenye mawe ya ule mji, afyuni ya Malwa, pamba ya Gujarat, kodi ya mkulima, sina budi kuongeza na mpagazi wa Kinyamwezi.

Nyuma ya hayo majengo ya kifahari watu waliishi vipi? Kwa ufupi, vibaya. Viwanda vya nguo vilianza miaka ya 1850 na mtaa wao ukaitwa Girangaon, kijiji cha viwanda, wafanyakazi wanakaa kwenye chawl, na mtu yeyote aliewahi kupanga chumba kimoja Majengo ama Kariakoo anazijua: gorofa tatu nne, korido ndefu ya nje, chumba kimoja kwa ukoo mzima, choo mwisho wa korido na foleni yake. Septemba 1896 tauni ikapiga Mandvi, karibu na maghala ya nafaka bandarini, panya kwanza kisha watu, na malaki ya wakazi wakakimbia mji. Mwanasayansi Waldemar Haffkine alitengeneza chanjo hukohuko Bombay, akajidunga mwenyewe kwanza, Januari 1897. Serikali nayo ikaunda shirika la kuboresha mji 1898, likakata barabara mpya ili upepo wa bahari uingie mitaani, na kila barabara ikipita inabomoa nyumba za watu ambao hawajengewi za kutosha. Sandhurst Road ni pana na nzuri kweli. Upepo uliingia, wapangaji wakatoka. Na viwanda vyenyewe, mgomo mkubwa wa 1982 ukavifunga karibu vyote, leo ukienda Phoenix ilikuwa kiwanda cha pamba sasa ni mall, bomba la moshi limeachwa kama pambo na kahawa ya humo ndani ni bei ya mshahara wa siku ya mfumaji.

Nimeona watu mtandaoni wakibishana kama majina ya kikoloni yafutwe ama yaachwe, huku kwetu pia, na mie naona Bombay washatoa majibu kadhaa bila kukaa kikao kimoja. Elphinstone Circle, ile duara nzuri mbele ya Town Hall, waliibadilisha ikawa Horniman Circle, na Horniman alikuwa Muingereza! Mhariri wa gazeti alietimuliwa India 1919 kwa sababu ya kuandika ukweli wa mauaji ya Jallianwala Bagh, pale jeshi la Waingereza lilipomiminia risasi raia mjini Amritsar. Kwa hiyo hawakufuta Uingereza, walichagua Muingereza. Frere Road kando ya bandari ikawa P. D'Mello Road, jina la kiongozi wa vibarua wa gatini, gatini kulekule ambako 14 Aprili 1944 meli Fort Stikine iliyosheheni baruti, pamba na dhahabu ililipuka saa kumi jioni na kuua mamia ya watu, vipande vya dhahabu vikidondoka mitaani. Bomba la Flora eneo lake likawa Hutatma Chowk, uwanja wa mashahidi, kwa waliopigwa risasi wakidai jimbo la Maharashtra miaka ya 1950. Na Lango la India, lile kila mtu anapiga nalo picha, lilijengwa kukumbuka ujio wa George V wa 1911 ila lilimalizika 1924, mfalme alishaondoka zamani, na kazi ya maana kuliko zote liliyofanya ni 28 Februari 1948 wanajeshi wa mwisho wa Kiingereza walipopita chini yake wakielekea melini. Lango la kuingilia likawa la kutokea.

Siku ya mwisho majibu ya khalati yakawa mazuri, alhamdulillahi, jioni nikatoka na yule jamaa wa Nairobi kununua vitu vidogo vya nyumbani. Tukapita Kala Ghoda, maana yake farasi mweusi, mtaa wa makumbusho na magaleri. Zamani palikuwa na sanamu ya Edward VII juu ya farasi, imelipiwa na mmoja wa kina Sassoon, pesa ile ile. 1965 wakaing'oa. Watu waliendelea kuuita mtaa Farasi Mweusi zaidi ya miaka 50 bila farasi, mpaka 2017 wakaweka farasi mpya, mweusi, mzuri, mguu mmoja juu, na hakuna mtu mgongoni.

Jamaa akazunguka sanamu mara mbili. "Sasa mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwambia mfalme yupo, hawakumvunja, walimpeleka Byculla, kwenye bustani ya wanyama.

"Zoo?"

Zoo bwana, tangu 1965.